Kiwanja cha pikoboli karibu na nyumba za watu: nianze wapi kupunguza kelele?

Swali: Assalaamu alaykum. Nina nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar. Nyuma yake tumejenga viwanja viwili vya pikoboli (pickleball, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki kwa vibao), vimelala kusini na kaskazini. Jirani wa kaskazini ana nyumba ya ghorofa moja, kama mita 20 kutoka kwenye uzio wangu, ambao ni wavu wa waya tu. Magharibi, kama mita 40, kuna chuo cha Qur-ani. Wageni wanaupenda mchezo, lakini majirani wamechoshwa na mlio na Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ameshaniita mara mbili. Fundi mmoja ananishauri nizungushe mabati, mwengine nipande michongoma na mivinje, wa tatu nitandike zulia la mpira uwanjani. Sitaki ugomvi na watu niliokua nao. Nifanye lipi kwanza?

Jibu: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na mafundi wako watatu. Mabati hayana uzito wa kuizuia sauti hii, michongoma haina unene wa kuizuia, na zulia linatibu mlio wa mpira kudunda chini, ambao si huo unaomkera jirani yako. Pesa yako iweke kwanza kwenye vibao na mipira, wiki hii hii. Saa za kucheza zipange wakati huo huo, maana hazikugharimu kitu. Kisha jenga ukuta wa matofali, lakini kwa kimo kilichopigiwa hesabu, kwa sababu ukuta wa kukisia unaweza kukugharimu na malalamiko yakabaki pale pale.

Mlio wenyewe

Pikoboli ilianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani, kama mchezo wa familia uani. Kibao chake hakina nyuzi kama raketi ya tenisi. Ni uso mgumu uliobandikwa juu ya kiini chenye vyumba kama sega la nyuki, na mpira ni plastiki ngumu yenye matundu. Vitu viwili vigumu vinapogongana, mguso hudumu milisekunde chache tu, uso wa kibao hutetemeka kama ngozi ya ngoma iliyowambwa sana, na sehemu kubwa ya sauti huangukia kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 1,300. Ndiyo maana unasikia kama kifuu kikavu kinachogongwa kwa kijiti. Kishindo cha kinu ni kizito na kinamezwa na sauti nyengine za mtaa. Mlio wa pikoboli ni mwembamba, mkali, na sikio la binadamu ni jepesi kuukamata.

Kwa umbali wa mita 30, bila kizuizi, pigo moja hufika kama desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Umbali ukiongezeka mara mbili zinapungua desibeli 6: mita 60 unapata 64, mita 120 unapata 58. Na desibeli 10 zikipungua, sikio huhisi sauti imepungua nusu. Shika namba hizi mbili, 6 na 10, kwani utazitumia kumpima kila atakayekuuzia dawa ya kelele.

Mawimbi yanayopasuka mwambani yana sauti mfululizo, na mtu hulala nayo. Pigo la kibao linakuja bila mpangilio, mamia kwa saa, na masikio hukaa yakilingoja lijalo. Kwa hiyo wastani wa kelele unadanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataja desibeli 55 kwa wastani wa mchana nje ya nyumba kuwa kikomo cha kero kubwa, na kiwanja kinaweza kuwa chini ya wastani huo huku jirani akiwa hana raha hata kidogo. Viwango vya kimataifa vya kupima kelele, ISO 1996 (hiyo ni namba yake, si mwaka), vinalitambua jambo hili: sauti ya mapigo huongezewa desibeli 5 kabla ya kulinganishwa na kikomo, na ya mapigo makali sana 12. Ukienda kwa Sheha na wastani uliosomwa kwenye simu kumwonesha kwamba jirani anazidisha, utakuwa umemdhulumu jirani bila ya kujua.

Vibao na mipira

Kelele ikizuiwa inapozaliwa, hakuna ukuta unaoweza kushindana na hilo. Kibao chembamba, chenye kiini cha milimita 13 na uso wa kaboni mgumu, kwa kawaida hulia kwa ukali zaidi kuliko cha milimita 16. Viko pia vibao vilivyotengenezwa makusudi kwa maeneo ya makaazi, vyenye uso laini au tabaka la povu. Mwaka 2023 USA Pickleball, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, kilianzisha daraja maalumu la vifaa tulivu, kwa hiyo unapoagiza uliza kama kifaa kimepimwa na kuthibitishwa kwenye daraja hilo. Neno “kimya” lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Mabadiliko ya vibao na mipira kwa pamoja yanaweza kukushushia desibeli 5 hadi 10. Mipira ya povu inashusha zaidi, ila ni myepesi, na upepo wa Jambiani utaichukua. Iweke kwa wanaojifunza na kwa asubuhi tulivu.

Viwanja viwili vikijaa ni watu wanane. Nunua vibao 10, viwili vya akiba. Jambo linaloharibu mpango huu kila mahali ni mgeni anayekuja na kibao chake. Lazima sharti liwe wazi tangu mtu anapoweka nafasi ya chumba: hapa panachezwa kwa vibao vya nyumba tu. Mgeni mmoja mwenye kibao kigumu anatosha kufuta faida yote, kwani jirani hasikii wastani wa vibao vinane, anasikia kile kikali kuliko vyote.

Zulia la mpira chini ni zuri kwa magoti ya wachezaji. Kwa jirani halina uzito wowote, maana mpira unapodunda chini unalia kidogo mno kuliko unapopigwa.

Kwa nini si mabati wala miti

Kizuizi cha sauti kinahitaji uzito usiopungua kilo 10 kwa mita ya mraba, kisiwe na mwanya, na kisimame kati ya pigo na sikio. Bati la geji 28 lina kilo 3 tu. Sauti inapita ndani yake, na kusi likivuma bati lenyewe linapiga kelele. Ubao wa sentimita 2.5 una kilo kama 15 na unafaa, ila mbao zikikauka zinaachana, kwa hiyo zipandane angalau sentimita 4 kila kiungo. Ukuta wa matofali ya saruji unapita mbali kiwango kinachotakiwa.

Miti michache ni pambo. Hata kichaka kizito chenye kina cha mita 10 hadi 20 kinapunguza kama desibeli 1 tu kwenye mlio wa aina hii. Mivinje ipande kwa kivuli na kwa kuwa ni mizuri, lakini usimwambie jirani kuwa umemtibu.

Yapo pia mapazia mazito ya kuzuia sauti yanayofungwa kwenye uzio. Kabla ya kuyanunua, fikiria upepo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu nyutoni 540. Nguzo zako zikiwa zimeachana mita 3 na pazia lina kimo cha mita 3, kila nguzo inasukumwa ubavuni kama vile imeegemewa na kilo 500. Nguzo za wavu wa waya hazikutiwa ardhini kwa kazi hiyo. Zitapinda au zitang'oka, na ikiwa watu wanacheza ni hatari. Chumvi ya bahari nayo hula vikuku na ndoano za chuma cha kawaida, na jua hupasua pazia lenyewe.

Kimo cha ukuta, na mchezaji wa upande wa pili

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na nakuomba upasome taratibu pamoja na mwashi wako.

Uwanja wa pikoboli una urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10. Tuseme ukuta wa kaskazini unasimama mita 3 nyuma ya mstari wa mwisho, una kimo cha mita 3, na nyumba ya jirani ipo mita 20 mbele yake. Kibao hupiga mpira kwenye kimo cha mita 1 hivi. Sauti ya hezi 1,200 ina wimbi la sentimita 29, na kwa wimbi fupi kama hilo ukuta hufanya kazi vizuri, mradi sauti ilazimike kupanda na kupinda kwa kiasi cha kutosha ili ivuke juu.

Mchezaji aliye karibu na ukuta: jirani aliyekaa barazani chini anapata punguzo la karibu desibeli 20, na aliye dirishani ghorofani karibu 18. Hesabu nzuri. Sasa mchukue mchezaji wa upande wa kusini, aliye mita 16 na zaidi kutoka kwenye ukuta ule ule. Kwa jirani wa barazani punguzo ni kama 15. Kwa dirisha la ghorofani, lenye kimo cha mita 4.5, punguzo linabaki 6 tu, kwa sababu mstari ulionyooka kutoka kibao hadi dirisha unapita sentimita 40 tu chini ya ukingo wa ukuta. Na mchezaji huyo akiruka kupiga mpira wa juu, kwenye mita 2.2, mstari unapita juu ya ukuta kabisa. Dirisha linaona kibao, na lionacho linasikia.

Mwenye kiwanja anakaa chini, anasikia ukuta umefanya kazi, anashangaa mama wa ghorofani bado analalamika. Mama ana haki. Anamsikia mchezaji wa mbali.

Ukiupandisha ukuta kutoka mita 3 hadi 4, lile punguzo la 6 linakuwa kama 12 hadi 13. Mita moja ya matofali, na sauti ya mchezaji wa mbali ghorofani inapungua desibeli 6 hadi 7 nyengine, kama vile umeongeza umbali mara mbili. Hizi ni hesabu za kitabuni, na uwandani toa desibeli 3 hadi 5 kwa upepo na sauti inayozunguka kando. Kwa hali yako, penye dirisha la ghorofani, mimi naona mita 4 upande wa kaskazini. Jirani angekuwa na nyumba ya chini tu, mita 3 zingetosha.

Vipimo vya kazi: viwanja viwili na nafasi zake za kukimbilia vinachukua upana wa mita 18 hivi. Ukuta uishie hapo na sauti itapita kwenye pembe, kwa hiyo uvunje kona na uurudishe mita 6 kila upande. Jumla ni mita 30. Kwa kimo cha mita 4 hiyo ni mita za mraba 120. Hesabu matofali 10 kwa kila mita ya mraba, yaani 1,200, na uongeze 60 ya kuvunjika. Tofali la inchi 6 peke yake halisimami kimo hicho penye upepo wa pwani. Panahitajika nguzo za zege zisizozidi mita 3 kati yao, nondo 4 za milimita 12 kila nguzo, mkanda wa zege chini, wa katikati na wa juu. Msingi apime mhandisi aliyeiona ardhi yako, maana mchanga na mwamba wa matumbawe havibebi sawa. Piga lipu angalau upande mmoja. Viungo vya saruji vilivyofanywa kwa haraka vina vitundu, na kitundu ni mlango wa sauti: uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unaufunga uwezo wake kwenye desibeli 20, na asilimia 10 unaushusha hadi 10.

Kwa sababu hiyo hiyo geti usiliweke kaskazini. Liweke kusini, upande wa nyumba yako. Matundu ya kutolea maji ya masika usiyaache wazi yakitazama kwa jirani. Peleka maji kwa mfereji hadi mwisho wa ukuta, au yapitishe kwenye bomba lililopindwa chini ya ardhi. Na kabla ya kuchimba, pata kibali cha ujenzi, kwani ukuta wa mita 4 si uzio wa kawaida, nao utamkata jirani upepo wa kusi, kwa hiyo akubali yeye kwanza.

Upepo na mwangwi

Upepo unaotoka kiwanjani kuelekea kwenye nyumba huipinda sauti ije chini, ikashuka nyuma ya ukuta. Jirani yako yuko kaskazini, kwa hiyo atakusikia zaidi msimu wa kusi, tangu kama Mei hadi Septemba, na Julai na Agosti ndiyo miezi unayojaza vyumba. Usipime mafanikio ya ukuta wakati wa kaskazi ukatangaza umemaliza. Pima tena kusi likivuma.

Usimwambie pia afunge madirisha. Dirisha lililofungwa vizuri lingemsaidia, lakini hakuna anayeishi Jambiani kwa kufunga dirisha, na likiwa wazi nyumba inampunguzia desibeli 10 hivi tu.

Kusini mwa viwanja iko nyumba yako mwenyewe, na ukuta wake wa lipu ngumu unarudisha sauti kaskazini kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ukijenga ukuta wa pili mkabala, mlio utakuwa unarukaruka kati ya kuta mbili na kuongezeka hadi desibeli 3. Dawa ya hapa mnayo kijijini: usumba. Nyuzi za makumbi zinanyonya vizuri milio ya hezi 1,000 na kwenda juu, ikiwa tabaka ni nene. Tengeneza fremu za mbao, jaza usumba wa unene wa sentimita 5, kilo 4 hivi kwa mita ya mraba, na uache nafasi ya hewa ya sentimita 2 hadi 3 kati yake na ukuta. Kwa mbele funika kwa wavu wa kivuli. Usifunike kwa turubai wala usipake rangi, maana sauti lazima iingie ndani ya nyuzi ndipo ife. Weka fremu hizo kutoka sentimita 30 juu ya ardhi hadi mita 3, chini ya kibanda kidogo cha kuzuia mvua. Usumba unashika moto, kwa hiyo usiuweke karibu na jiko, taa za joto wala mahali watu wanapovuta sigara. Kina mama wanaosokota kamba wanaweza kukuuzia usumba uliokwisha kufukuliwa na kupigwa, na pesa hiyo ikabaki mtaani. Fremu hizo pia ziweke kwenye uso wa ndani wa ukuta mpya, hasa kipande kinachotazama magharibi, ili chuo kisipokee kilichomkosa jirani.

Paa la bati juu ya kiwanja lisilo na kuta, nakushauri uliache kabisa. Linachukua sauti iliyokuwa inapotea juu na kuirudisha kwa majirani.

Saa

Kabla hata tofali moja halijafika, kaa na jirani, mwalimu wa chuo na Sheha, mkubaliane saa kwenye karatasi. Pendekezo langu: saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kisha saa 10 alasiri hadi saa 12 kamili, na vibao viwe chini kabla ya adhana ya Maghribi. Mchana watu wanapumzika baada ya Adhuhuri. Ijumaa wachezaji watoke uwanjani kabla ya saa 5. Ramadhani asubuhi anza saa 4, kwa sababu watu wameamka kula daku na wengi hulala tena baada ya Alfajiri, na usiku usifungue. Saa za watoto kuwa chuoni, tumia kiwanja cha mashariki peke yake: kila mita unayoongeza kutoka kwenye dirisha la chuo ni ya bure, na idadi ya mapigo inapungua nusu. Mpe jirani namba moja ya simu inayopokelewa kila siku na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo. Mabenchi na spika za muziki vihamie kusini.

Namna ya kupima

Simu haikupi desibeli za kweli kwa sauti fupi namna hii, kwani pigo linakwisha kabla kipimo hakijaitikia kikamilifu. Inafaa kwa kulinganisha tu. Tumia simu ile ile, programu ile ile ikiwa kwenye kipimo cha haraka (Fast), sehemu ile ile: barazani kwa jirani na kwenye dirisha la ghorofani, dakika 10 kila pahala, wakati ule ule wa siku na upepo unaofanana. Andika namba ya juu kabisa ya kila dakika, hesabu mapigo, andika upepo unatoka wapi. Fanya hivyo kwa vibao vya zamani, rudia kwa vipya, rudia ukuta ukikamilika, na rudia ndani ya kusi.

Bila ya kitu chochote, kwa umbali wako mchezaji wa karibu anafika kama desibeli 72 na wa mbali 68. Vibao na mipira mizuri vikitoa 7, na ukuta wa mita 4 ukatoa 9 za kweli kwa yule wa mbali, dirisha la ghorofani linapokea kama 52, na barazani chini ya hapo. Mlio bado utasikika pakiwa kimya sana. Mwambie jirani ukweli huo tangu leo, aamue naye akijua.

Kipimo cha vibao kifanye kabla ya kuagiza matofali. Mwombe jirani akae ghorofani mwake bila kuambiwa ni vibao vipi vinatumika, wacheze dakika 10 kwa vya zamani na 10 kwa vipya, kisha aseme mwenyewe. Asipotofautisha, vibao ulivyonunua si vya daraja ulilodhani, na muuzaji avirudishe.